Vibibi wa Banda la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikiongea sauti inanigeuka. Mwanangu Tone amelala. Nguo nimezianika ndani maana mvua imeshika tangu asubuhi, na chumba kizima kinanuka unyevu na sabuni.

Leo Bwana Shamba ametuita sisi wa Banda la Nne, banda la nailoni la pilipili hoho, akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na makaratasi yaliyokunjwakunjwa, na kwenye mikunjo wadudu. Wekundu, mviringo, mgongo unang'aa kama kucha iliyopakwa rangi, madoa meusi. Kasuku, tunayefunga naye miche mstari mmoja, akauliza, "Hawa wamekuja kazini au wanapita kwenda harusini?" Tukacheka. Tangu hapo wakawa vibibi.

Bwana Shamba ni mtu asiyependa kurudia maneno, kwa hiyo nilisikiliza. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wameingia kwenye hoho. Mabanda mengine yatapigwa dawa kama kawaida. Hili letu litajaribiwa bila dawa msimu huu, vibibi ndio watakaokula vidukari, basi. Mwisho wa Mei meneja atakagua. Akikuta majani safi, tutaendelea hivi hivi. Akikuta machafu, bomba la dawa linaingia.

Wenzangu walikuwa wanaangalia sanduku. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Kwenye banda lisilo na dawa, mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuletewa mtoto mlangoni saa ya mapumziko. Kwenye mabanda ya dawa mtoto haruhusiwi hata kuvuka geti. Na Tone hataki kikombe, hataki chupa, hataki kijiko. Anataka ziwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Vibibi wamejificha chini ya majani. Tone kanyonya vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Tone amepiga simu kutoka mpakani, lori lao limezuiwa na foleni. Nikamweleza habari za banda. 

"Mama anakuja Jumapili," akasema. "Akusaidie kumshika mtoto. Lakini tuelewane. Siku bomba likiingia hapo kwenye banda lenu, Tone anaondoka na mama."

"Bado ananyonya."

"Alikuwa ananyonya hata wakati ule uko Banda la Kwanza. Akashinda njaa mchana kutwa, akalazwa. Mimi nikapigiwa simu niko katikati ya pori, siwezi kugeuza gari. Sitaki tena simu ile."

 Ni kweli alilazwa. Walimtafuta mshipa mpaka wakauona kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika na mfagio wake mwenyewe. Hata hajakaa, akapitisha kidole dirishani, akakitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaishi na kunguni?"

"Hapana, mama."

"Mbona godoro limekaa kama lina wenyewe?"

Jioni lilikuwa nje, limepigwa fimbo, limerudishwa, na chini ya kitanda pamepigwa deki mara ngapi sijui. Mjukuu wake akamshika mara moja tu, akamgeuza kama anayechagua nyanya, akasema, "Huyu nikiwa naye kwetu mwezi mmoja, humtambui kwa kunona." Nilihisi maneno hayo yamekuja na mzigo wake.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Shamba ameleta makopo ya ngano. Makopo ya kawaida ya plastiki, ngano imeota kama nywele, na kwenye ngano vidukari wamejaa mpaka majani yamepinda. Kasuku akarudi nyuma.

"Bwana Shamba, tunawafukuza au tunawafuga?"

"Tunawafuga hawa, tunawafukuza wale. Vidukari wa ngano hawagusi hoho. Hiki ni chakula cha akiba. Vibibi wakishamaliza vidukari wa hoho, lazima wawe na kitu cha kula, la sivyo wanaondoka. Mdudu mwenye njaa haombi ruhusa."

Akanikabidhi mimi, niyaweke karibu na mlango penye mwanga, nimwagilie. "Haya makopo," akasema, "yakiwa machafu ndiyo mazima. Asiyaguse mtu."

Nikamuuliza kwa nini vidukari wanaongezeka haraka hivi. Akasema jike anazaa bila dume, na anazaa watoto wenye mimba tayari.

"Bila mume?" Kasuku akasema. "Ndiyo maana wamenenepa."

Alhamisi, 20 Machi

Vidukari wanakojoa sukari, majani yananata kama yamemwagiwa soda. Mikono hainawiki. Mvua bado.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Kasuku ameua kitu cheusi chenye miguu mirefu, kinatambaa kama mamba mdogo. Kumbe ni mtoto wa kibibi. Hawafanani na mama zao hata kidogo, ni weusi, wana madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, na wanakula kuliko wakubwa. Nimemwita nikamwonyesha kimoja kikimvuta kidukari kwenye bua. Alikitazama muda mrefu.

"Sura mbaya," akasema, "lakini anajituma."

Sasa anawasalimia akipita.

Jumatano, 2 Aprili

Mama mkwe anamleta Tone kila siku saa ya mapumziko. Anakaa kwenye kreti lililopinduliwa mlangoni, pembeni ya makopo, amejifunga mtandio puani kwa sababu ya harufu. Haniangalii nikinyonyesha. Anaangalia viatu vyangu vya mpira, vina matope.

Jumanne, 8 Aprili

Nimegombana na mama mkwe, kama mkwe anaweza kugombana.

Nimerudi nimemkuta Tone ametapika mpaka mgongoni. Alipewa uji. Alishikwa taya, akamiminiwa.

"Mama, ungeniuliza."

"Nikuulize? Nimelea watano."

"Huyu ni wangu."

Neno lilishatoka. Yeye akaosha sufuria, akaiosha tena, akaifunika.  Mtu anayefoka unamjua alipo. Huyu ukimya wake unafagia chumba chote.

Jumanne, 15 Aprili

Shikamoo. Marahaba. Maji yapo. Ndiyo. Hayo ndiyo maneno yetu ya siku nzima. Ananiletea mtoto, ananipa, ananyoosha mikono arudishiwe. Kasuku akaniuliza kama tunalipishwa kila neno.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama koridoni nakung'uta mwavuli, yeye ndani anaongea na wifi yangu kwenye simu. "Kitanda chake kipo tayari. Kile kidogo. Ndiyo, nimeshakipiga rangi."

Nikasimama pale mpaka mwavuli ukaacha kudondosha. Kwa hiyo hakuja kusaidia. Amekuja kungoja.

Jumamosi, 3 Mei

Jua kidogo, la kwanza tangu sijui lini. Hoho zimesafika. Nimegeuza majani mstari mzima nikakuta vidukari wachache sana, na kila mahali mayai ya vibibi, ya manjano, yamesimama wima kama punje zilizopangwa na mtu mwenye subira. Nikapiga magoti katikati ya mistari nikaegemeza kichwa kwenye waya. Kasuku alidhani naumwa. Nikamwambia naona tunapita.

Nimepanga kumwambia mama mkwe kuwa hapatakuwa na safari. Sikumwambia. Nilitaka angoje, auone ukweli mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Bwana Shamba ametutangazia kuwa meneja atapita Jumatatu kuangalia hali, kabla ya ukaguzi wenyewe mwisho wa mwezi. Yeye Bwana Shamba hatakuwepo, anakwenda kwenye mafunzo. Alipokwishatoka, Kasuku akaja mlangoni, mimi nanyonyesha.

"Tukoje?"

"Tuko vizuri. Lakini meneja akikuta kidukari hata mmoja humu ndani, tumekwisha."

Nilisema hivyo, kwa mkato, kama watu wa kazini wanavyosemeshana. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kreti lake.

Jumatatu, 12 Mei

Meneja amekuja na suruali nyeupe. Amegeuza majani kwa ncha ya kalamu. Akauliza anayesimamia mistari hii ni nani, wakanisukuma mbele. "Safi," akasema. "Endeleeni." Akaondoka. Kasuku akanishika mikono tukacheza hatua mbili, tatu, kwenye tope.

Baadaye nikaenda kumwagilia ngano. Hakuna makopo. Pale chini yamebaki maduara tu, makavu, sakafu imefagiliwa.

Nikamfuata mlinzi. "Bibi wa mtoto kayabeba leo asubuhi kabla meneja hajaja, mlipokuwa mnapima hoho," akasema. "Nikamwambia mama, huruhusiwi kuvuka mlango. Akaniambia mkwe wangu anakaguliwa, unataka akutwe na uchafu huu? Akayapeleka shimoni. Akarudi na birika la maji ya moto toka jikoni kwa walinzi. Alitaka ufagio pia."

Nilitembea kurudi nyumbani nikipanga maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha. Niliyapanga kuanzia kitanda kilichopigwa rangi, nikaja kwenye uji, nikamalizia na makopo. Nilijua nikiyasema yote hatutakaa tena chumba kimoja, na nilikuwa tayari.

Nimefungua mlango nimemkuta amekaa kitandani, mkono wa kushoto ameufunga kitambaa. Tone yuko mapajani anavuta ncha ya kile kitambaa.

"Mmepita?" akauliza. Kabla hata ya shikamoo.

"Tumepita, mama."

Akashusha pumzi, mabega yote yakaanguka. Sikuwahi kumwona mabega yakiwa chini.

"Nilijua tu. Yale makopo pale mlangoni yangekuumbua. Nilikuwa nayatazama kila siku nasema, huyu mtoto wa watu amechoka, ana mambo mengi, hata kutupa takataka hajapata nafasi. Na mimi umeninunia, siwezi kukuambia."

"Mkono umefanyaje?"

"Birika. Si kitu." Akauficha. Kisha akasema, akimwangalia Tone badala yangu, "Mwanangu alinipigia akasema, mama, tayarisha kitanda. Nimekitayarisha, nifanyeje, ameagiza. Lakini mtoto wa umri huu haondolewi kwa mama yake kwa ajili ya vidudu. Baba yake huyu nilimwachisha ziwa mapema, nikaenda vibarua vya mbali, nikamwacha kwa shangazi yake. Nilivyorudi alikuwa ananiamkia kama mgeni. Mpaka leo hakai nyumba moja na mimi siku tatu akatulia. Unamwona alivyo. Barabara ndiyo mama yake."

 Maneno niliyoyapanga yakakosa pa kwenda. Nikaenda kuchukua mafuta nikampaka mkono. Ngozi ilikuwa imetoka mahali pakubwa kuliko alivyosema.

Jumanne, 13 Mei

Nimepiga simu ya Bwana Shamba. Haipatikani. Nimeomba ngano dukani nikaotesha kwenye sahani na vikopo vya samli. Lakini ngano itaota, vidukari wake nitawatoa wapi? Wale wote wamechemshwa.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imerudi na baridi. Vibibi wanapanda juu kwenye matundu ya hewa. Nimewaona wanafungua mgongo, wanatoa mbawa nyembamba za chini, wanakwenda. Kwenye mvua ileile.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimekuta kibibi anakula mayai. Ya kwao wenyewe. Alikuwa anakwenda moja moja, kwa utaratibu, kama mtu anayekula njugu. Kasuku akasema tumwondoe. Nikamwambia mwache, ana njaa. 

Saa ya mapumziko mama mkwe ameniletea mtoto na chai kwenye chupa. Siku hizi tunaongea. Anacheka hata. Amemwambia Kasuku kwamba hicho kicheko chake kinaweza kutangua ndoa mbili, Kasuku akajibu kimeshatangua moja, ya kwake. Nilikaa katikati yao nikinyonyesha, nikiona wekundu wanapita juu ya vichwa vyetu kuelekea nje, na sikusema.

Alhamisi, 22 Mei

Vidukari. Kwenye vichipukizi, mstari wa kwanza na wa tatu.

Ijumaa, 23 Mei

Mstari wa tano pia.

Jumamosi, 24 Mei

Nimetafuta vibibi nje, kwenye majani ya kando ya mfereji, mimi na Kasuku, tumelowa. Tumepata wachache kwenye kopo. Tumewarudisha ndani tukawaweka juu ya vidukari kabisa, kama unavyomwekea mgeni sahani mbele. Wamekula. Lakini ni wachache na vidukari wanazaa kila saa. Hakuna kingine tulichojaribu ambacho hakijashindwa. Tumebana kwa vidole mpaka kucha zimekuwa za kijani. Ukimaliza jani hili, lile la nyuma limejaa.

Jumatano, 28 Mei

Majani yananata.

Ijumaa, 30 Mei

Meneja hakugeuza hata majani. Alishika moja, akasugua vidole, akasema, "Jumatatu mpige dawa." Kwake ilikuwa kama kuagiza chai.

Bwana Shamba alikuwa amerudi jana. Alisubiri watu watawanyike, akaniuliza taratibu, "Makopo yako wapi?"

Mlinzi alikuwa amesimama karibu na geti anatazama viatu vyake. Ningesema tu ukweli. Ni neno moja. Lakini mlinzi aliruhusu mtu avuke, na mama mkwe angeitwa asimame mbele ya watu aelezwe alichofanya.

"Niliyatoa mimi."

"Wewe? Si nilikuonyesha?"

"Nilitaka banda lipendeze kwa meneja."

 Nafikiri hakuniamini, na nafikiri kutoniamini kulimuuma zaidi. "Msimu mzima," akasema. "Nilikwenda kule mafunzoni nikawaambia wenzangu habari zako." Akaondoka akiwa amekunja ile karatasi ya wadudu mkononi, akaikunja tena, mpaka haikunjiki.

Kasuku hakusema lolote njia nzima. Kasuku. Alinishika tu mkono tulipovuka mfereji.

Jumamosi, 31 Mei

Nimempigia Baba Tone mimi mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine. Akauliza, "Sasa?" Nikamwambia, "Mama anaondoka naye kesho." Nilidhani atasema nilikuambia. Hakusema. Alisema tu nimweke mtoto amsikie, na Tone akampigia kelele ya furaha kwenye simu, maana hajui.

Mama mkwe alikuwa anasikia. Akainuka akaenda kufua nguo zilizokuwa zimeshafuliwa.

Jumapili, 1 Juni

Nimekunja nguo za Tone. Ni chache, zimeenea kwenye mfuko wa duka. Mama mkwe amekaa mbele yangu, ananipa moja moja.

"Nikuulize kitu, mwanangu," akasema. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. "Usinifiche."

"Uliza, mama."

"Yale makopo. Yalikuwa na kazi?"

Nilikuwa nimeshika sweta ya Tone, ile yenye kifungo kimoja. Nikafikiri jinsi atakavyokuwa naye huko, peke yao, kila siku. Mtu anayejua kwamba ni yeye aliyemtenganisha mtoto na mama yake, atamshikaje mtoto huyo? Atamshika kwa woga. Atamlisha kwa woga. Na Tone hushika vitu kwenye mikono ya watu haraka sana, hushika hata homa.

"Hapana, mama. Yalikuwa uchafu tu. Ni mvua iliyotuharibia. Baridi ilizidi, vibibi wakahama."

Aliendelea kuniangalia. Ana macho ya kuona vumbi pale ambapo hakuna. Nikakunja sweta, nikaiweka juu ya zile nyingine, nikasawazisha.

"Baridi," akasema.

"Baridi, mama."

"Haya." Akachukua ule mfuko, akaufunga. Mkono wake umepona, ila ngozi mpya ni nyeupe na haikunjiki vizuri, kwa hiyo nilimsaidia fundo.

Nimemnyonyesha Tone mpaka gari lilipowashwa. Mama mkwe hakuniharakisha. Alimwambia kondakta, "Subiri, kuna mtu anakula," na kondakta, sijui kwa nini, alisubiri.

Jumatatu, 2 Juni

Wamepiga dawa tangu asubuhi. Tumevaa barakoa, tumesimama nje tukingoja. Baada ya hapo tumeingia kufagia. Vidukari, na vibibi waliokuwa wamebaki, wote chini, miguu juu. Tumewazoa kwa koleo moja.

Maziwa yalitoka saa ya mapumziko. Nilikwenda nyuma ya tangi nikakamua kwenye majani.

Jioni mama mkwe alipiga. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hajala kitu tangu jana. Nimejaribu kikombe, nimejaribu kijiko. Simlazimishi, usiogope. Nimeshajifunza. Lakini hajala, mama Tone. Analia anatafuta."

"Mweke sikioni."

Nikasikia pumzi yake, na ule mguno wa pua iliyoziba kwa kulia. Nilitaka kumwita majina yake yote ya upole. Nikajua nikianza hayo atanitafuta ndani ya simu na hataninyamazia. Kwa hiyo nikamwambia kwa sauti ile ninayomtolea akishika kisu. Nikamwambia, Tone, kunywa. Mama amesema kunywa. Bibi akikupa, kunywa. Nimesema hivyo mara nyingi, kwa ukali uleule, nimejishika ukutani.

 Kisha sauti ya kijiko kwenye kikombe cha bati.

"Amefungua mdomo," mama mkwe akasema. Alikuwa analia sasa, yeye. "Anameza. Mama Tone, anameza."

"Mpe kidogo kidogo," nikamwambia. "Na umfute kidevu, hapendi kikilowa."

Nikakata simu. Gauni lilikuwa limelowa kifuani kote, nikakaa nalo hivyo hivyo.